Usiningoje Nimalize

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta hata moja. Fundi Mkuu alinipa brashi, nikafuta vumbi la Sumbawanga kwenye mafeni yaliyochomolewa mpaka pua ikaziba. Vijana wa leo mnapuliza kwa mashine halafu mnajiita mafundi! Sisi tulianza kwa kupiga chafya.

Alikuwa mtu wa Matai, mpole, ila kwenye vipimo hana mchezo. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba na kuongeza papo hapo, "Usikisie, pima."

Kisa nisichokisahau ni cha mpiga video wa harusi. Kompyuta yake ilikuwa moja, na hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Tulikuwa tumeiongezea kasi prosesa, ule ubongo wa mashine, ikimbie kuliko ilivyotoka kiwandani. Ikawa inazima katikati ya kazi. Fundi Mkuu akawa anasoma volti za prosesa kwenye skrini, mimi nimeshika mita ya volti kwenye mazabodi, ule ubao unaobeba vyote. Namba zikagoma kupatana. Mara yangu iko juu ya yake, mara iko chini, hazieleweki.

"Ongezeni volti tu, wakubwa," mpiga video akasihi. "Watu wanataka video ya harusi yao Jumamosi!"

"Tukiongeza kwa kubahatisha tutaiunguza," Fundi Mkuu akamjibu. "Ikiungua, wanao watakula nini?"

Tukarudia asubuhi nzima. Yeye anasoma, nami nasoma. Mwisho akaniangalia.

"We binti, mbona kila mara unanyamaza kwanza?"

"Nakungoja umalize, mzee."

Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe! Kwetu Malangali nimelelewa kwamba mkubwa akisema hakatizwi. Basi mara namba yake ilikuwa ya mashine iliyopumzika na yangu ya mashine iliyokwisha elemewa, mara kinyume chake, maana volti hubadilika kufumba na kufumbua.

"Leo nakuruhusu kukosa adabu," akasema. "Usiningoje nimalize. Tuseme pamoja."

Tukasema pamoja, namba zikapatana. Kazi ikizidi, yake na yangu zinashuka kwa mkupuo. Tukajua kasi ndiyo inayoielemea, basi hatukuongeza volti, tulipunguza kasi kidogo, mashine ikatulia. Mpiga video aliondoka ameikumbatia.

Baadaye nilihamishiwa Matai, kisha Kasesya mpakani, chini ya mabosi wenye vyeo virefu. Meneja mmoja alikuwa akiniambia, "Mama, andika inavyosema skrini, yatosha." Nilipima peke yangu, jicho moja kwenye skrini, jingine kwenye mita. Sikupata tena mtu wa kusema naye pamoja.

Sasa nimestaafu. Fundi Mkuu tulishamzika, na nimemkumbuka, jamani, nimemkumbuka mno. Mita yake aliniachia mimi. Juzi kompyuta ya hapa nyumbani ilianza kuzimazima, nikaifungua, nikapima, nikatamka namba kwa sauti.

Halafu nikajikuta nimenyamaza, namngoja aseme yake.