Mgongo wa Shangazi Nyakuoth

Nimejaribu kusimulia jambo hili kwa upole. Watu hutikisa vichwa, husema pole, kisha huenda kununua vidonge vilevile. Kwa hiyo leo upole sina.

Shangazi yangu Nyakuoth alirudi Juba mwaka 2006, baada ya miaka mingi ya ukimbizi Kenya, Kakuma kwanza, halafu Eldoret. Ni fundi wa nguo. Alipata kiwanja New Site, akajenga chumba cha mabati, akaweka cherehani yake barazani, na nusu ya kanisa ikaanza kumletea vitambaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mdomo mkali. Mdomo walimsamehe. Wembamba ndio uliomponza.

Hapa kwetu mtu akirudi mwembamba, watu humchunguza mashavu na mikono, kisha hunong'ona kuhusu ule ugonjwa ambao hakuna anayeutaja kwa sauti. Mashemeji zake walimpokea kwa vigelegele, na muda si mrefu wakaanza kusema Kenya imewarudishia mifupa mitupu. Wanawake wenzake wa kanisani wakamhurumia. Kwa wema wao wote wakampeleka kwa Arkangelo.

Arkangelo ana kliniki karibu na soko. Ana koti jeupe, ana stethoskopu shingoni, na foleni ya wanawake humsubiri tangu asubuhi. Udaktari hakusomea popote. Aliwahi kusaidia kufunga vidonda kambini, akarudi nyumbani na koti. Biashara yake kubwa ni vidonge vidogo vya kunenepesha. Bibi harusi hununuliwa vidonge hivyo. Aliyetoka kujifungua hununuliwa pia. Anayerudi kutoka ukimbizini hupewa kama zawadi ya kukaribishwa, vimefungwa kwenye karatasi kama peremende. Shangazi alimeza, mashavu yakajaa, uso ukawa duara, mashemeji wakanyamaza. Akaendelea kumeza kwa miaka mitatu, na sisi tukimsifu kwamba Juba imempenda.

Siku moja aliinama kunyanyua ndoo ya maji, tena ndoo ndogo, mgongo ukalia. Jirani alimkuta amelala barazani, hawezi kugeuka. Na alipoweza kusimama alikwenda wapi? Kwa Arkangelo!

"Mama, hii ni baridi tu imeingia kwa mgongo," Arkangelo alimwambia. "Mafi mushkila. Hakuna shida. Nitakudunga sindano ya nguvu."

Akamdunga. Maumivu yakapungua kidogo, shangazi akarudi akimsifu, nami nikataka kupasuka. Nilimburuta hospitali akapigwa picha. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea. Kijana aliyetusomea picha alisema mifupa imedhoofika, kwamba ugonjwa huo huitwa osteoporosisi, na kwamba tutafute mtaalamu kwa sababu yeye si mtaalamu wa hayo. Namheshimu hadi leo. Ni mtu wa kwanza Juba kuniambia hajui.

Sasa mtaalamu tumtoe wapi? Mimi nilikuwa mapokezi katika hoteli moja Hai Amarat, na miaka ile ya baada ya mkataba wa amani hoteli zilijaa madaktari. Kila mgeni wa pili alikuwa dakta fulani. Nikawa nawauliza mmoja mmoja, wewe ni daktari wa nini? Wa kwanza alikuwa daktari wa uchaguzi. Mwingine wa mbuzi, na huyo angalau mifupa aliijua. Mwingine alikuwa wa utawala bora. Alinisikiliza vizuri, akasema suala la mifupa ya wanawake ni muhimu sana na angelipendekeza kwenye warsha. Warsha! Shangazi yangu hawezi kuvaa viatu mwenyewe, huyu ananiletea warsha.

Huku nyuma, duka moja la dawa likamuuzia shangazi vidonge vya mifupa, safari hii vya kweli, vile vinavyomezwa mara moja kwa wiki. Muuzaji akamwambia ameze kila asubuhi, tena kwa maziwa, kwa sababu maziwa ni rafiki wa mifupa. Shangazi, ambaye Eldoret ilimharibu kwa chai, akawa anavishushia kwa chai ya maziwa kitandani, kisha anajilaza tena. Kifua kiliungua mpaka uji ukamshinda kumeza.

Ndipo akaja Harriet, daktari kutoka Kampala, aliyekuwa akija kila mwezi kuwatibu wafanyakazi wa shirika moja. Nilimuuliza swali langu bila matumaini.

"Mimi iko daktari ya homoni na mifupa," alijibu.

Nilimshika mkono palepale mapokezi, sikumwachia mpaka alipokubali kuja New Site. Aliketi barazani, akaitazama ile picha, akamtazama shangazi: uso wa duara, ngozi nyembamba, mikono imejaa madoa ya damu iliyovilia.

"Mama, mbali na hii ya mifupa, wewe nakula dawa gani ingine?"

"Hakuna," shangazi akasema.

"Hata ile ya sokoni?"

"Nimekuambia hakuna!"

Harriet hakubishana. Alikaa tu, anangoja. Hakuna mtu kabla yake aliyeuliza swali hilo, hata mimi. Mwishowe shangazi akavuta pochi yake, akatoa ile karatasi ya vidonge vya Arkangelo, akaitupa mezani.

"Haya. Mnataka niache ndiyo niitwe mgonjwa?" Alikuwa analia kwa hasira.

"Hii ndiyo nakula mifupa yako," Harriet akasema.

Akatueleza kwamba vidonge vile vya kunenepesha ni dawa kali ya homoni, na haviachwi ghafla, kwa kuwa mwili umevizoea na unaweza kuanguka. Vitapunguzwa polepole, naye atamfuatilia. Kuhusu dawa ya mifupa, alimwachia shangazi achague. Vile vidonge vya wiki ni vizuri vikimezwa kwa tumbo tupu na maji matupu, kisha mtu akae wima nusu saa au zaidi; lakini koo la shangazi lilikwisha kuumia. Njia nyingine ilikuwa dripu ya mara moja kwa mwaka, Kampala, baada ya kupimwa figo na kalsiamu.

"Ipi itaninyoosha mgongo?"

"Hakuna, Mama. Hii nazuia ingine isivunjike."

"Na hivi vidogo nikiviacha, nitakonda?"

"Utakonda."

Shangazi alijishikilia meza, akasimama. Kisha akasema, "Anti yako atakufa akiwa amesimama, Nyamuoch. Tafuta gari la Kampala."

Dripu aliipata. Alikonda kweli, na minong'ono ikarudi, na wateja wengine wakahamisha vitambaa vyao. Mwaka uliofuata aliniomba nimsindikize kwa Arkangelo. Tulikuta foleni imefika barabarani. Arkangelo alimwona kutoka mlangoni.

"Mama Nyakuoth! Umekonda sana! Ingia, nikupe kitu."

Shangazi hakuingia. Aliwageuzia wanawake mgongo, akakivuta kitambaa cha gauni kikabana, wote wakakiona kibyongo.

"Hiki ndicho alichonipa," akasema. "Miaka mitatu nilimeza. Mifupa yangu imevunjika nikiinua ndoo. Nendeni nyumbani."

Arkangelo akacheka, akasema mama wa watu amezeeka tu. Hakuna aliyeondoka. Karibu na mlango alisimama Abul, msichana wa kwaya yetu, ambaye gauni lake la harusi lilikuwa kwenye cherehani ya shangazi. Shangazi akamshika mkono. Mama yake Abul akamshika ule mwingine.

"Mwache mtoto," mama alisema. "Harusi iko karibu, na watu watamwangalia."

Abul alimtazama shangazi mgongoni, akachomoa mkono wake taratibu, kwa heshima kabisa, akaingia ndani.