Amplifaya ya Stesheni Tisa

Mume wangu ana kichwa, hilo simnyimi. Miaka saba kahangaika kuunda amplifaya moja ya kukuza na kubeba mawimbi ya stesheni zote tisa za televisheni, kutoka antena moja hadi nyumba mia mbili. Mafundi wenzake walifunga tisa, kila stesheni na yake. Yeye alipanga transista sita, kila moja iongeze nguvu kidogo tu, maana ukiilazimisha inabeba stesheni mbili na nyingine zinazama. Jamani, alivyonichosha na hizo koili, vijiwaya vilivyosokotwa kama springi!

Mwenye biashara ya zile tisa hakufurahi. Jumatatu asubuhi, siku nne kabla ya wakaguzi wa shirika la nyumba kuja kuijaribu, alituma majitu matatu karakanani. Mawili yalimbana mume wangu mezani, la tatu likamponda vidole kwa nyundo, kimoja kimoja, kulia na kushoto. Nikalichoma moja shingoni kwa chuma cha kulehemu, ngozi ikanuka. Likanipiga teke la tumbo, nikatapika. Yalivunja kila kitu isipokuwa mashine yenyewe. Haikuwa na boksi, nyaya zimetapakaa, yakadhani takataka.

Kazi ya kuziweka sawa picha ikabaki kwangu. Koili zake hupanuliwa kwa kijiti, kwa sababu chuma kikikaribia tu picha inaharibika. Yeye anatazama skrini, mimi nachokonoa. Alhamisi nikaachanisha mno, skrini zote zikawa michirizi mitupu. Akanitandika kiwiko cha mdomo. Jino likang'oka. Mimi, niliyemvalisha suruali asubuhi ile! Nikampa goti la tumbo, akaenda chini akilia. Nikamruka, nikarudi kwenye koili. Niliifanya kwa hasira, lakini kabla ya jioni stesheni zote tisa zilikuwa safi.

Ijumaa wakaguzi wakaja. Wakataka kuona nguvu ikipunguzwa na kuongezwa. Mume wangu akatazama bandeji zake, kisha mimi.

"Mama watoto, hebu wasaidie."

Nikakunja mikono. "Waambie kwanza nani kanipasua mdomo."

"Si hapa, mke wangu."

"Basi wakafunge zile tisa."

Mkubwa wao akafunga daftari, akasimama. Mume wangu jasho likamtoka.

"Mimi," akasema. "Nilimpiga mimi. Na bila yeye mashine hii haipo."

"Rudia, yule wa nyuma hajasikia."

Akarudia. Ndipo nikainama, nikazungusha kinobu cha nguvu.