Mdomo Uliooza Nyuma ya Honi

Kabla mdomo wangu haujaoza, nilikuwa napiga honi katika bendi ya kanisa letu hapa Ishiara. Si honi ya gari. Ni ile ya shaba iliyojikunja kama konokono, unayoipuliza huku mkono wa kulia umeingia kwenye shimo lake pana. Siku tuliyoalikwa kupiga katika uwanja wa Kinoru, nilitoa noti moja ndefu na uwanja ukanyamaza. Sauti ilimiminika polepole kama asali. Nayasema haya ili ujue nilichokaribia kukipoteza.

Nyumbani tunalima muguka, ile miraa ya majani. Sote tunauchuma, ila mama alitukataza kuutafuna. Mimi nilianza kwa siri, majani machache kabla ya mazoezi, na chingamu ya kupunguza uchungu. Stimu ya yale majani ikipanda kichwani, niliona naweza kupuliza mpaka kesho. Sikuona kwamba mate yamenikauka na ulimi umekuwa kama kipande cha gunia. Nilisukutua haraka haraka, kisha nikapuliza honi na mabaki yangali kati ya shavu na ufizi.

Sauti ndiyo iliyougua kwanza. Noti za juu zilipasuka. Za kati zikawa na upepo mwingi kuliko wimbo. Ireri, anayepiga tromboni kando yangu, hakuwa na huruma.

"Njeru, unapuliza honi ama unapenga kamasi?"

Bendi nzima ilicheka. Mwalimu Nyaga, kiongozi wetu, hakucheka. "Kaza mdomo, kijana," alisema. "Ukilegea, honi nayo inalegea."

Nikakaza. Nilikandamiza kile kikombe kidogo cha kupulizia kwenye midomo yangu kama mtu anayeziba bomba lililopasuka. Siku ya kwanza noti ilitoka, nikaamini nimepata dawa. Kumbe nilikuwa naponda nyama yangu kati ya chuma na meno. Kidonda kikatokea upande wa ndani wa mdomo wa juu, cheupe katikati, chekundu pembeni. Stimu ilinisahaulisha maumivu. Yalikuja asubuhi, nikashindwa hata na chai.

Wiki ya tatu kikaanza kutoa usaha. Ladha yake ilikuwa ya yai viza, na mimi niliumeza katikati ya nyimbo za sifa. Nikiondoa kikombe, gaga la kidonda lilibaki limenata kwenye chuma. Nililipangusa kwa leso, nikaendelea. Jino la mbele likaanza kucheza. Watu walinikaribia kunisalimia, kisha wakarudi nyuma hatua moja. Mimi mwenyewe nilipopumulia kiganja changu nilitaka kutapika.

Jumapili moja nilisimama kupiga sehemu yangu ya peke yangu. Hakuna noti iliyotoka. Ilitoka damu, ikashuka kwenye shati jeupe la bendi, na ile harufu nayo ikatoka.

Kesho yake mama alinipeleka Embu. Daktari wa meno aliukunjua mdomo wangu, akarudisha kichwa nyuma kidogo.

"Unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu, daktari."

Alichokoa nyuma ya shavu, akaweka kwenye trei kitu cha kijani kilicholowa. "Basi hii ni sukuma wiki?"

Mama aliinamisha kichwa, kisha akamweleza habari za honi.

"Mdomo umepondwa, na uchafu umeingia," daktari alisema. "Utameza dawa na utapona. Lakini ukipuliza kabla ya wakati, pengine hutapuliza tena maisha yako yote. Na hicho chombo kioshwe."

Tulikuwa hatujawahi kuosha honi kwa ndani. Tuliing'arisha nje kwa ajili ya Jumapili, basi. Mwalimu Nyaga alikuja kwetu, akamimina ndani yake maji vuguvugu na sabuni, akaizungusha, akaiinamisha juu ya beseni. Ulitoka ute wa kijani, mzito kama kamasi za ndama, wenye vipande vya majani na nyuzi nyeusi za ukungu. Kuku walikuja kuchungulia, wakaondoka.

Mama alilisogelea beseni. "Hiyo ndiyo umekuwa ukitupulizia kanisani?"

Niliinama nimwage ule ute, mama akanizuia.

"Mimi naupanda muguka uuzwe, Njeru. Sikuupanda ukuoze mdomo."

"Na mimi nilimwambia akaze," Mwalimu Nyaga alisema. "Sikumwambia hata mara moja afungue mdomo nione."

Miezi minne sikuigusa honi. Niliacha muguka; siku za kwanza kichwa kiliniuma na nilimfokea kila mtu. Nilisukutua maji ya chumvi asubuhi na jioni. Kisha nikaanza kutetemesha midomo mitupu mbele ya kioo, dakika tano tu, kama mtoto anayeiga pikipiki. Niliporudishiwa honi, niliigusisha mdomoni kidogo tu, bila kukandamiza. Noti ilitoka. Ilikuwa ya chini, nyembamba, lakini ilisimama.

"Hiyo sasa ni honi," Ireri alisema, na safari hii hakutania.

Noti za juu hazijarudi zote. Ndani ya mdomo wangu kuna kovu gumu, na sasa napiga sauti ya pili. Namshukuru Mungu kwa hiyo ya pili. Namshukuru mama, daktari, na mwalimu wangu aliyekubali kosa lake.

Nawe unayepuliza, ikiwa sauti imeanza kupasuka, usiongeze nguvu. Fungua mdomo mbele ya mtu, aangalie ndani. Utaona aibu, naye ataziba pua. Mwache azibe, mradi ametazama.