Bomba Moja, Wapenzi Wawili

Iko siku moja, mwanangu, ya mvua nyingi na kicheko kidogo, ambayo nikifumba macho hunirudia yenyewe bila kuitwa. Tulikuwa Guangzhou, Uchina, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Sanyuanli. Nguo zilining'inia dirishani na hazikutaka kukauka. Televisheni ilikuwa inawaka, na watu waliozoea kushika mbavu mbele yake walikuwa kimya. Bi Hidaya, mama wa Unguja aliyekuwa mkubwa wetu pale, akatazama kioo, akatutazama sisi, akauliza, "Ati hawa leo wamefiwa?"

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu yako. Juzi ulinijia na hicho kichekesho chako cha televisheni, ukaniambia wakubwa zako kazini wanataka yule mwenye genge la mboga na jirani yake kinyozi wapendane, ili watazamaji wasihamie kwingine. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, niwaache wapendane?" Sikukujibu. Mimi ni mzee. Jibu langu linatoka mbali na lilibidi kwanza lipitie Uchina. Sasa limefika. Keti, mimina chai.

Nilikuwa binti wa Kizaramo, mfanyabiashara wa nguo, mdomo wangu mkubwa kuliko mtaji. Mchana tulizunguka Guangyuan Xilu, kwenye majumba ya nguo za jumla ambayo ukiingia mlango huu hujui utatokea wapi, tukivutana na malaobani, ndivyo tulivyowaita wenye maduka, mpaka sauti zikakauka. Jioni tulirudi kwa Bi Hidaya. Yeye ndiye aliyeipanga ile nyumba, na wageni wa Dar na Unguja tulifikia kwake tukingoja kontena lijae. Ulikuwa unapanda ngazi unasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa, nje mvua, taa za mtaani zimetapakaa kwenye maji, na kwa kitambo kidogo hujui kama uko Uchina au Ilala. Niliipenda saa ile. Hata leo huota nazipanda ngazi zile, sifiki juu, wala sina haraka ya kufika.

Baada ya magharibi ndipo kilipoanza kichekesho. Mama mmoja muuza tambi na fundi viatu mmoja walikuwa majirani, na uani kwao kulikuwa na bomba moja la maji. Hadithi yote ilikuwa hiyo. Fundi akitaka kulowesha ngozi yake, mama naye ana masufuria ya kuosha. Mama akilifunga bomba kwa kufuli, fundi anakuja na msumeno. Kila jioni bomba lile lile, na kila jioni tulicheka upya, watu wazima tuliolanguliwa mchana kutwa. Tulimwita mmoja Mama Tambi na mwingine Fundi, tukawagawana kama timu za mpira.

Kichina cha televisheni hatukukijua. Sisi tulijua cha sokoni tu: bei gani, ghali mno, na lile neno walilopenda kututupia malaobani, meiyo, yaani hakuna. Aliyetufasiria alikuwa kijana wa Kinyamwezi, mwanafunzi wa ufadhili, jina lake Maganga. Usitabasamu. Wakati ule hakuwa baba mkubwa wa mtu. Alikuwa kijana mwembamba anayekuja kwa Bi Hidaya kwa sababu chakula cha bweni kilimshinda.

Hapa nikueleze jambo, maana nyinyi wa sasa mnadhani utani ni mzaha tu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya bara ikishukia pwani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua chako humshtaki, unakikomboa kwa fidia atakayoitaka. Na ukifa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kucheza katikati ya msiba wako. Basi Maganga alipojua kabila langu tu, alinyoosha mkono akachukua sambusa kwenye sahani yangu, akaila mbele ya macho yangu, akasema asante kwa wazee wangu.

Tangu hapo hatukupumzika. Siku zake za mapumziko alikuja Guangyuan Xilu kunisaidia kubishana bei, na robota likishafungwa nilimwelekeza kwa kidole. "Mnyamwezi, inama ubebe. Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe suruali zinakushinda?"

Naye anajitwisha, anajibu, "Wewe tembea tu, Mzaramo. Hapa hakuna mdundiko wa kukupoteza njia. Nyie mkisikia ngoma mnaacha chungu motoni."

Wapagazi wa Kichina walitupisha wakicheka, na hawakuelewa hata neno. Mwanangu, nilikuwa nimempenda na mwenyewe sijajua. Nilidhani ni furaha ya kuuza na kununua.

Sasa turudi kwenye ile siku ya mvua. Jioni ile, bila onyo, Fundi na Mama Tambi walikutana bombani wakatazamana. Vinanda vikalia. Fundi akampisha mama achote. Mama akasema hapana, chota wewe. Maganga akafasiri kwa sauti ya chini, "Tangu nikuone, moyo wangu hauna makazi mengine." Ndipo Bi Hidaya akauliza kama wamefiwa.

Haikuwa jioni moja, ikawa ndiyo desturi mpya. Fundi akaja na maua, Mama Tambi akajipaka wanja, wakakaa kwenye benchi wakitazama mwezi. Bomba likasahauliwa pale ukutani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wale walisifiwa mno. Watu wetu wakaanza kuongea habari za mizigo huku televisheni inaendelea, mmoja akawa anasinzia. Mtu pekee aliyekuwa akitazama kwa makini alikuwa Maganga, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Nikaja kujua. Asubuhi moja nimesimama na marobota yangu mlangoni, namwona anakuja. Amevaa koti la kuazima, nywele zimelowa mafuta, mkononi maua kwenye nailoni. Akasimama mbali kidogo.

"Bi Chausiku, habari za asubuhi?"

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Bi Chausiku, maana jina langu hilo hakuwahi kuniita. Nikamwambia, "Mnyamwezi, nani kakuvika? Unakwenda kuposwa?"

Hakucheka. "Tuuache utani. Leo nina neno la maana." Akanyoosha yale maua. "Tangu nikuone, moyo wangu hauna makazi mengine."

Maneno yale yale ya Fundi. Mtu niliyempenda alikuwa yule aliyeniibia sambusa, na sasa alikuwa amemfukuza yeye mwenyewe ili amlete huyu wa koti. Nikaona maisha yangu yote mbele yangu: benchi, mwezi, chota wewe, hapana chota wewe. Nikaogopa. Ulimi ukaokota neno la karibu.

"Meiyo," nikamwambia.

Akayaweka maua juu ya robota, akaondoka. Hakuja siku iliyofuata, wala jioni zile nyingine. Kontena lilikuwa linakaribia kujaa, na likijaa narudi Dar. Nilijua nikiondoka hivyo, ndiyo basi. Hapakuwa na simu mfukoni kama leo. Nilizunguka madukani mtaa wa Zhanxi nikishika kiatu hiki na kile bila kuuliza bei, na usiku sikulala.

Bi Hidaya alinitazama kwa muda, kisha akaniita jikoni nimsaidie kukunja sambusa. Televisheni ilikuwa inanong'ona sebuleni peke yake.

"Mbona siku hizi hutazami kichekesho chako?"

"Kimeharibika, Bi Hidaya. Mapenzi yamekiharibu."

"Ah! Wewe mwana wewe." Akaweka chini manda aliyokuwa akiikunja. "Mie nakitazama kila siku. Bomba wameongeza?"

"Hapana, ni lile lile."

"Na maji, yanatoka zaidi?"

"Hapana."

"Sasa mama wa watu haoshi masufuria? Fundi haloweshi ngozi? Mtu akipenda hana vyombo vichafu?" Akachukua tena manda yake. "Vikombe kabatini havikosi kugongana. Mie na marehemu mume wangu tuligombania mfereji wetu wa maji mpaka siku anaingia hospitali, na nilimpenda, Mungu ndiye shahidi wangu. Mapenzi hayajaharibu kitu hapo. Aliyetunga aliona haya. Akadhani kicheko ni cha watoto na mapenzi ni ya watu wazima, akakitoa kimoja nje ili akikaribishe cha pili. Na huyo Mnyamwezi wako kafanya vivyo hivyo, na wewe pia, umeona koti ukadhani mwenyewe hayumo ndani."

Aliniuma pale hasa palipostahili kuumwa. Mimi nilikuwa nikimlaumu Maganga kwa kuufukuza utani, kumbe nami nilipoona utani haupo nilikimbia, badala ya kwenda kuurudisha. Bi Hidaya akasema kwamba Ijumaa atamwalika kijana chakula, na kwamba akija nisimpokee kwa uso wa kungoja basi.

Ijumaa akaja. Mvua bado ilikuwa inanyesha, mvua nyembamba isiyo na sauti. Akavua viatu mlangoni, akanisalimia akitazama sakafu, akaketi pembeni na sahani yake. Wageni wote walijua, na wote walijifanya hawajui. Kesho yake kontena lilikuwa linafungwa. Nikaenda mlangoni, nikachukua viatu vyake, nikavikalia.

"Mnyamwezi," nikasema, "viatu vyako nimevichukua. Leta fidia."

Akainua uso taratibu, akanitazama muda mrefu hata nikadhani nimekosea.

"Fidia gani?" akauliza.

"Nina mizigo inakwenda Dar es Salaam. Ibebe."

Nikaona kona ya mdomo wake inacheza. "Mizigo nitaibeba," akasema. "Na mwenye mizigo je?"

"Naye pia."

"Huyo mzito." Akanyoosha mkono, akachukua sambusa kwenye sahani yangu. "Na mdundiko ukipita njiani atanikimbia. Lakini nitajaribu."

Mwanangu, kicheko kilichotoka chumbani mle nadhani kilifika Zhanxi. Bi Hidaya alipiga kigelegele mpaka jirani wa Kichina akaja kugonga mlango, naye akapewa sambusa. Maganga alinifuata Dar alipomaliza masomo, akanioa, na hatukukaa kwenye benchi kutazama mwezi hata siku moja. Tulikuwa na bomba moja uani kwetu Temeke, na wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulisikia tulivyolipigania.

Na mwaka jana ulikuwepo alipofariki. Ulikaa nami chumbani, ukanishika mkono, nami nilikuwa jiwe. Sikulia, sikula, watu wakaanza kuniogopea. Ndipo binamu yangu Pili, Mzaramo mwenzangu na kwa hiyo mtani wa marehemu, akaingia katikati ya wafiwa amevaa kanzu ya Maganga na kofia yake, amejitwisha kifurushi, anatembea ule mwendo wake wa kuinamia mbele. Akasimama mlangoni kwangu, akatua mzigo kwa kishindo.

"Mzaramo! Nimekubeba toka Uchina, mgongo umekatika. Nirudishie viatu vyangu!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka kanga ikalowa, na kicheko ndicho kilichofungua njia ya machozi. Nililia siku ile kama nilivyotakiwa kulia, na nikapona kiasi cha kuweza kukaa hapa na wewe.

Basi jibu lako ni hili. Waache wapendane, mwanangu. Usiwaonee wivu wala usione haya. Lakini usiwaondolee bomba. Lile jambo walilokuwa wakiligombania kabla hawajapendana, waache waligombanie zaidi, maana sasa kila mmoja ana cha kupoteza. Ukisikia mkono wako unaita vinanda, jua umechoka kutunga. Weka kalamu ukalale. Na siku yako mwenyewe ikifika, atakapokuja mtu mwenye maua, mtazame kama anajua kukuibia sambusa. Kicheko hakikuona haya kuingia msibani kwangu na kunishika mkono. Wewe kwa nini ukifukuze penye mapenzi?

Mungu akujaalie kalamu isiyokauka na nyumba isiyonyamaza. Akupe mwenza wa kugombana naye maji mpaka uzeeni, na siku ya mwisho awepo mtani wa kukuchekesha. Amina. Hebu niongeze chai, na hiyo sambusa yako naichukua.