Mwenge Ulioinama

Siku ya kwanza kazini, vijana, nilivaa tai. Nilikuwa na shahada ya historia ya sanaa kutoka Lubumbashi, na karakana ile ya Greyville, huku ugenini, ilitengeneza sanamu za miungu ya Wagiriki na Warumi za kupamba bustani.

"Unamujua Venus?" aliuliza msimamizi, Mkasai, mtu wa kwetu mwenye viganja vya saruji.

"Namjua vizuri."

"Sharp. Mubebe basi, umuweke kwa bakkie, ile pikapu ya inje."

Nilianza na msasa, kuondoa mshono, yaani mstari unaobaki pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana. Baada ya miaka miwili nikaruhusiwa kumimina: plasta kwa sanamu za ndani, saruji nyeupe kwa za nje. Plasta haina subira, vijana. Inapata joto mkononi kama kitu hai, kisha inaganda, uwe tayari usiwe tayari. Mwishowe, kwa kuwa nilikuwa msemaji kuliko fundi, mwenye karakana akanihamishia kwa wateja.

Ndipo akaja mama mmoja wa mtaa wa Albert Park, msusi, akitafuta malaika wa kaburi la binti yake. Akampita Apolo, akampita Diana na mbwa wake, akasimama mbele ya kijana mwenye mabawa, macho amefumba, mwenge ameuinamisha. Nilimtambua. Wachongaji wa Ulaya walioiga mambo ya kale walimweka makaburini: ni Mauti mwenyewe, anazima uhai.

Nikamvuta msimamizi pembeni. "Yule si malaika."

"Profesa, iko na mabawa?"

"Anayo."

"Basi."

Mama akaniuliza, "Papa, juu ya nini moto unaangalia chini?"

"Anamzimia mtoto taa, mama. Apate kulala."

Akaitikia kwa kichwa, akamchukua. Kwa miaka nilijifariji kwamba kwa Wagiriki Mauti na Usingizi ni mapacha. Faraja ya msomi. Mimi mwenyewe sikulala.

Mwaka huu vumbi limenistaafisha mapema, kifua kimegoma. Jumapili ya kwanza nilikwenda makaburini kumwambia yule mama ukweli. Nilimkuta akifuta mabawa kwa kitambaa. Chini ya mwenge, udongoni, alikuwa amechomeka taa ndogo ya sola.

"Wewe ulisema anazima," alisema kabla sijafungua mdomo. "Lakini mtoto wangu alikuwa anaogopa giza, papa. Nikamuwashia."

Nikaomba kitambaa, nikasugua bega la sanamu, kwenye mshono niliouacha mwenyewe kwa haraka enzi zangu za msasa. Haukutoka.