Nusu ya Nazi Kando ya Jiwe la Thatha

Sisi wakimbizi tuliokulia Isipingo, Durban, kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya nyumba za Wahindi, tulijua kuogopa. Watoto wa leo wanaogopa simu kuisha chaji tu. Mimi mwenye diploma ya kilimo, tena niliyoifuata India kwa jasho langu mwenyewe, niliwahi kujificha alasiri nzima chini ya kitanda kwa sababu ya nazi.

Mwenye nyumba wetu tulimwita Thatha, yaani babu kwa Kitamil. Wazee wake waliletwa kutoka Erode, India, kukata miwa. Mkataba ulipoisha wakakodi vipande vya ardhi, wakapanda mboga. Gari lake lilinukia giligilani likielekea soko la Warwick. Pembeni mwa shamba palikuwa na jiwe lililopakwa unga wa manjano. Kabla ya kupanda, aliliwekea nazi iliyopasuliwa, akawasha kafuri, akaomba.

Mama, mlokole kabisa, alituonya: "Musiguse kitu ya ile jiwe. Muzee atatufukuza, na kwetu Uvira iko vita."

Siku moja nilitoka shule na njaa. Nikala nusu nzima ya nazi ya jiwe lile. Eish, ilikuwa tamu!

Dada yangu Furaha aliniona. "Umekwisha! Leo tunalala barabarani juu ya tumbo yako!"

Nikaingia chini ya kitanda. Kila kiatu kilichopita uani nilidhani ni cha Thatha. Niliwaza magodoro yetu yametupwa nje na mama anabembeleza watu kwenye stendi ya teksi.

Hatimaye Thatha akaja, nusu iliyobaki mkononi. Mama, aliyekwisha kuambiwa na Furaha, akapiga magoti. "Muzee, utusamehe, mutoto hana akili."

Thatha akainama, akanichungulia. "Nani kasema hailiwi? Kwetu tukishaomba tunagawana. Kosa lake amekula peke yake." Kisha akamnyooshea mama ile nusu.

Nikaogopa upya, maana nilimjua mama. Angekataa, na mzee angeona tunamdharau ndani ya nyumba yake. Mama akaipokea. Akafumba macho, midomo ikanong'ona jina la Yesu, akauma. Thatha akacheka, naye akauma. Tukaishi chumba kile mpaka nikamaliza shule.

Nilipokwenda kusoma, nilichagua Erode, na wanafunzi wenzangu wote niliwaacha nyuma. Mji ule umejengwa juu ya manjano: magunia yamepangwa sokoni hadi dari, na mkulima hukutajia manjano yake kabla ya jina lake, kama watu wa Uvira na ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu.

Sasa nimerudi Durban, nina nyumba yangu Pinetown yenye ukuta na geti la umeme. Shamba la Thatha limekuwa maghala. Siku hizi kuna watu wanaopita mlango kwa mlango kuuliza nani mgeni nchini ili wamfukuze. Jumamosi iliyopita mtu aligonga geti. Nilizima televisheni, nikawaambia wanangu wanyamaze, tukakaa sakafuni mpaka akaondoka. Hapo nikachungulia dirishani: alikuwa jirani, anarudi kwake na sahani iliyofunikwa kitambaa. Jina lake silijui.