Kisigino cha Mama

Katika biolojia yote ya sekondari, sura niliyoielewa ni moja tu: vipokezi vya hisi. Niliipenda kwa sababu haikudai nitoke nyumbani. Unajilaza mkekani, mwili unajifanyia kazi wenyewe. Vipo vya joto, vya baridi, vya mguso na vya maumivu. Vya puani na vya ulimini vinasubiri kemikali, vya machoni vinasubiri mwanga. Vingine vimejificha kwenye misuli na viungo, ndivyo vinavyokuambia mguu wako uko wapi hata ukifumba macho. Kila kimoja hupokea kitu chake, hukigeuza kuwa umeme mdogo, na neva huukimbiza ubongoni.

Mama hakuwa na habari navyo mpaka alipoungua. Alikuwa uani kwetu Makorora anakaanga vitumbua, kisigino kimeegemea jiko la mkaa. Harufu niliipata mimi, nimelala sebuleni. Nikadhani ni kitumbua, nikageukia upande wa pili. Ilipozidi ndipo nikatoka, nikakuta lengelenge limeshavimba na yeye anamimina unga kama kawaida.

Ana sukari miaka mingi, na sukari hula ncha za neva kimyakimya, ikianzia miguuni. Lakini mwezi mmoja tu kabla ya hapo nesi wa kliniki alikuwa amempima. Alimfumbisha macho, akamgusa nyayo kwa uzi wa nailoni, na kila alipomuuliza kama anasikia, Mama alijibu anasikia. Akaandikiwa kwamba miguu ni mizima.

Kidonda kilipofungwa bendeji, nilimfunika macho kwa pindo la kanga yake, nikachomoa njiti ya ufagio. Nikamgusa dole gumba. Anasikia. Unyayo. Anasikia. Kisha nikaishika njiti hewani.

"Na hapa?"

"Nasikia baba, tena vizuri."

"Mama, sijakugusa."

Hakuitoa kanga usoni. Akaanza kujitetea: yule nesi, binti wa watu, ameinama miguuni pake, anauliza kwa upole, amjibu hapana kila mara? Huko Pemba alikolelewa, hata mwenye homa akijuliwa hali hujibu njema, ndipo aombe maji.

Nilimwambia akijibu hivyo tena, kidonda kinachofuata hatutakiwahi, na mguu utakatwa. Tukafanya mazoezi ya kusema hapana siku tatu. Alinikejeli sana. Yeye afundishwe hisi na mtu aliyenusa mamake anaungua akageuza ubavu?

Kliniki, nesi alikuwa yuleyule. Akamwamkia shikamoo, akainama, akagusa kidole. Mama alifumba macho, akaukamata mkono wangu.

"Unasikia, mama?"



"Hapana, mwanangu. Niwie radhi."

Unyayo, hapana. Kisigino, hapana. Kila hapana ilitoka ndogo kuliko iliyotangulia. Uzi ulipopanda juu ya kifundo, akashtuka kidogo.

"Hapo nasikia. Wallahi hapo nasikia."

Nesi akachora mstari wa kalamu pale, akanigeukia. Kuanzia mstari huu kwenda chini, akasema, mama atatumia macho yako, kila asubuhi, mpaka katikati ya vidole.

Mama akafumbua macho, akanitazama, mkono wangu hajauachia.

"Asubuhi ya saa ngapi, nesi?" akauliza. "Maana macho yenyewe ndiyo haya, na hufunguka saa nne."